Iliwaka au Iliwashwa?

Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Tulipofundishwa methali hii katika mwaka wa kwanza, mwalimu alitueleza kwamba inatuonya tusitegemee msaada ulio mbali wakati hatari iko karibu. Niliiandika daftarini, nikaikubali. Mwaka uliofuata, nikiwa nimeketi kitandani katika hosteli mjini Kampala, nilituma neno moja kwa simu, na kilomita 300 hivi kutoka hapo, karibu na Fort Portal, mzee mmoja akaanguka kutoka kwenye ngazi. Tangu siku hiyo sina hakika tena na methali ile. Siku hizi fimbo ya mbali inafika, na inaweza kumpiga hata asiye nyoka.

Swali ninalotaka kulijadili katika insha hii ni hili: mtu anayewasha chombo akiwa mbali, mahali ambapo hakioni chombo hicho wala watu walio karibu nacho, anabeba wajibu gani kwa yale yatakayotokea? Nitaanza kwa kueleza yaliyonipata, kwa sababu bila hayo nisingekuwa na swali.

Mimi ninasoma Kiswahili na Falsafa. Rafiki yangu ninayekaa naye chumba kimoja anasoma uhandisi. Yeye na wenzake watano waliweka kipokezi cha redio juu ya paa la shule moja ya sekondari iliyo kilimani, ili kupokea picha za mawingu kutoka kwenye setilaiti za hali ya hewa. Mwalimu wa jiografia wa shule hiyo alizitumia picha hizo darasani, na wahandisi wakapata mradi wa kuonyesha chuoni.

Kipokezi hicho ni cha aina inayoendeshwa kwa programu. Katika redio tuliyoizoea, kila kazi ina kifaa chake: kuchagua masafa, kuchuja kelele, kutoa sauti. Katika redio ya programu, kifaa hugeuza mawimbi kuwa namba tu, na kazi nyingine zote hufanywa na kompyuta. Mwaka 2012 habari zilienea kwamba vijiti vidogo vya USB vilivyotengenezwa kwa ajili ya kutazama televisheni, vyenye chipu ya RTL2832U, vinaweza kutoa namba hizo zikiwa ghafi. Tangu hapo hata mwanafunzi asiye na fedha nyingi anaweza kumiliki kipokezi cha namna hii. Chetu kilisikiliza setilaiti za Marekani, NOAA-15, NOAA-18 na NOAA-19, ambazo zilituma picha zao kwenye masafa ya karibu na megahezi 137. Setilaiti inapopita juu yako una dakika 10 hadi 15 tu. Ikishazama, picha hiyo huipati tena.

Tatizo ni kwamba vijiti hivi hukwama. Joto likizidi, au umeme ukishuka kidogo, namba huacha kuja. Kompyuta inaona kwamba kijiti kipo, lakini kila ikikiuliza, hakijibu. Kuna hatua tatu za kukirudisha. Ya kwanza ni kuifunga programu na kuifungua upya. Ya pili ni kuliamuru tundu la USB lijianzishe upya, kana kwamba kijiti kimechomolewa na kuchomekwa tena. Ya tatu, hizo mbili zikishindwa, ni kukata umeme kabisa, kusubiri kidogo, kisha kuurudisha. Hatua mbili za kwanza hufanyika ndani ya kompyuta. Ya tatu inapita kwenye waya za volti 240, na waya hizo zipo mahali ambapo watu pia wapo.

Mwanzoni hatua hii ya tatu ilifanywa na mlinzi wa shule. Nitamwita Mzee tu. Alitoka upande wa Beni, Kongo, miaka mingi iliyopita. Kiingereza hajui, na Rutooro anakijua kidogo cha sokoni. Wahandisi wetu nao hawakujua Kiswahili. Kwetu Uganda wengi walikisikia kwanza kutoka kwa askari, wakakiogopa. Ndiyo sababu niliitwa mimi. Kipokezi kilipokwama, nilimpigia simu: "Mzee, shikamoo. Tafadhali chomoa ile waya ya ofisini, hesabu hadi 20, halafu chomeka." Alicheka kila nilipomwamkia hivyo, kwa sababu kwao salamu hiyo haitumiki, lakini aliipenda. Kisha alihesabu kwa sauti ndani ya simu, pole pole, hadi 20. Wakati mwingine aliongeza habari: mvua imenyesha, kuna mjusi kwenye waya, wanafunzi wanacheza mpira chini ya antena.

Baada ya miezi michache wahandisi waliweka relei inayoamriwa kwa ujumbe wa simu. Ilifungwa ofisini, ikadhibiti umeme unaopanda hadi kwenye sanduku la paani. Sasa tuliweza kuuzima na kuuwasha bila kumsumbua mtu. Tulisema tunampunguzia Mzee kazi, na kweli tulimpunguzia. Lakini pia tulimwondoa mtu pekee aliyekuwa akituambia kuna nini pale.

Mimi ndiye niliyechagua maneno ya mtambo huo. Amri zilikuwa mbili: ZIMA na WASHA. Majibu yake yalikuwa mawili: IMEZIMIKA na IMEWAKA. Niliona yanapendeza. Nilitafsiri pia karatasi ya tahadhari iliyobandikwa kwenye mlango wa sanduku. Ya Kiingereza ilisema kwamba mtambo unaweza kuanza wakati wowote bila kuonya. Niliandika: "Mashine hii inaweza kuwaka wakati wowote." Nilijivunia ufupi wake.

Siku yenyewe ilikuwa ya mwezi wa Aprili. Kipokezi kilikwama usiku. Alfajiri nilituma ZIMA, tukaamua kukiacha kipoe hadi setilaiti ya saa nne na kitu. Asubuhi hiyo wahandisi walikuwa na wageni wawili waliotarajiwa kuufadhili mradi, na walitaka kuwaonyesha picha ikiingia mstari kwa mstari. Zikiwa zimebaki dakika chache, rafiki yangu alinipigia simu: "Washa sasa." Nilituma WASHA. Jibu likaja mara moja: IMEWAKA. Picha ikaingia. Ilikuwa nzuri kuliko zote tulizowahi kupata. Rafiki yangu alinitumia, nikaiona Ziwa Viktoria likiwa wazi na mawingu mazito yamekaa juu ya Ruwenzori. Wageni walipiga makofi.

Nusu saa baadaye mkuu wa shule alipiga simu. Mzee alikuwa ameona kwamba taa ndogo ya sanduku haiwaki, akaona ndiyo nafasi ya kupanda kuondoa kiota cha nyigu ambacho mwalimu wa jiografia alikuwa amekilalamikia. Alifungua mlango, akaingiza mkono, akagusa kiungo cha waya ambacho utepe wake ulikuwa umebanduka. Umeme ulimpiga, akaanguka. Alivunjika mkono wa kushoto karibu na kiganja. Madaktari walisema ana bahati.

Jioni hiyo niliombwa kuandika ripoti, kwa sababu mimi ndiye mtu wa lugha. Niliandika kwa Kiswahili kwanza, kisha nikaitafsiri. Sentensi yake kuu ilikuwa hii: "Umeme uliwaka ghafla wakati mlinzi akiwa juu ya paa bila kutoa taarifa." Kila mtu aliisifu. Ilikuwa fupi, na kila neno ndani yake lilikuwa kweli.

Nilipolala ndipo sarufi ya mwaka wa kwanza iliponirudia. Tulifundishwa kwamba kitenzi *zima* katika kauli ya kutendwa ni *zimwa*, na katika kauli ya kutendeka ni *zimika*. Taa imezimwa: kuna mtu aliyeizima, hata kama hatajwi. Taa imezimika: tunaiona hali ya taa tu, na mtu hayumo kabisa. Kwa *waka* mambo yanaanzia upande wa pili. Kitenzi chenyewe hakina mtu. Moto unawaka, jua linawaka. Ili mtu aingie, lazima kauli ibadilike iwe ya kutendesha: *washa*, yaani kufanya kitu kiwake. Kwa hiyo Mswahili anaposema "uliwaka" amechagua sentensi isiyo na nafasi ya kuuliza "na nani?" Akisema "uliwashwa," swali hilo linajileta lenyewe.

Katika ripoti yangu kulikuwa na watendaji wawili, umeme na mlinzi. Umeme uliwaka. Mlinzi alipanda bila kutoa taarifa. Mtu wa tatu, aliyekuwa kitandani Kampala na simu mkononi, hakuwemo. Sikudanganya hata neno moja, lakini niliiagiza sarufi inifiche. Na kwa kuwa katika sentensi nzima ni Mzee tu aliyebaki kuwa mtu, lawama ilipotafuta mahali pa kukaa ilimkuta yeye. Siku tatu baadaye shule ilisema kwamba alipanda bila ruhusa, na kwa hiyo haiwezi kumlipa kwa wiki atakazokaa nyumbani. Ilinukuu ripoti yangu.

Sasa nije kwenye hoja ambazo mtu angeweza kuzitoa kunitetea. Nimezisikia zote, nyingine kutoka kinywani mwangu mwenyewe.

Hoja ya kwanza ni kwamba mimi sikumgusa. Nilituma ujumbe, ujumbe ukaenda kwenye mnara, mnara ukaupeleka kwenye relei, relei ikafunga mzunguko, umeme ukapanda. Mnyororo una pingu nyingi na mimi niko mwisho wake wa mbali. Lakini ukiitazama vizuri, hakuna hata pingu moja kati ya hizo iliyokuwa na hiari. Mnara hauwezi kusema, "Ngoja kwanza." Relei haiwezi kusita. Katika mnyororo wote ni mahali pamoja tu ambapo jambo lingeweza kuwa vinginevyo, na mahali hapo palikuwa kidole changu. Urefu wa mnyororo hauugawanyi wajibu kati ya pingu zake. Ukiwa mrefu kiasi gani, wajibu wote unabaki kwa yule aliyeweza kutotenda.

Hoja ya pili ina nguvu zaidi: sikujua. Sikujua kwamba Mzee yuko juu, na mtu halaumiwi kwa asichokijua. Hapa nilisaidiwa na somo langu la pili. Aristotle, katika kitabu cha tatu cha maadili yake yaitwayo ya Nikomako, anakubali kwamba kutojua kunaweza kuliondolea tendo hiari. Lakini papo hapo anaonyesha kwamba watunga sheria huwaadhibu watu kwa kutojua kwenyewe, pale mtu alipokuwa na uwezo wa kujua na akazembea. Mfano wake ni wa mlevi: hakujua alichofanya, lakini kulewa au kutolewa kulikuwa mikononi mwake. Basi je, kujua kulikuwa mikononi mwangu?

Jibu nililipata kwa Mzee mwenyewe. Wiki iliyofuata nilipanda basi kwenda kumtazama. Nilimkuta kwenye benchi la langoni, mkono umefungwa plasta, akimwelekeza kijana aliyeshika zamu yake. Alinikaribisha, akaniuliza habari za masomo na za nyumbani. Kisha akaniuliza bila hasira: "Mwana wangu, ni nani aliwasha?"

Nilianza kusema, "Mashine ili..." nikashindwa kuendelea. Nikamwambia, "Ni mimi, Mzee. Mimi ndiye niliyewasha."

Alinyamaza kidogo. Akasema: "Na numero yangu uko nayo."

Hakuongeza neno. Namba yake ninayo. Ndiyo niliyokuwa nikiipiga miezi yote ile kumsikiliza akihesabu. Simu niliyotumia kuwasha umeme ndiyo hiyo hiyo ambayo ningeitumia kuuliza kama yuko juu. Kujua kulikuwa mikononi mwangu kweli kweli.

Nilimuuliza kuhusu karatasi ya tahadhari. Alikuwa ameisoma. "Karatasi ilisema mashine inaweza kuwaka. Mi nilifikiri ni ugonjwa yake," alisema. Alidhani ni mtambo mbovu unaojiwakia wenyewe mara moja moja. Hakuna mahali nilipomwambia kwamba kuna watu Kampala wanaoweza kuuwasha wakati wowote wapendapo. Kile kile kitenzi kisicho na mtu, nilichokitumia baadaye kujificha, ndicho kilichompandisha ngazi bila hofu.

Hoja ya tatu ni ya rafiki yangu mhandisi, nayo siidharau. Anasema kwamba katika kazi za umeme kuna kanuni ya siku nyingi: anayekwenda kugusa waya ndiye anayepaswa kuuzima umeme mwenyewe, kuufunga kwa kufuli na kukaa na ufunguo mfukoni. Mzee hakufanya hivyo. Ni kweli, na kanuni hiyo ni nzuri kuliko zote nilizozisikia katika jambo hili, kwa sababu inampa yule awezaye kuumia mamlaka juu ya kile kiwezacho kumuumiza. Lakini kanuni ya kufuli inamlaumu tu mtu aliyepewa kufuli. Sisi tulimpa Mzee karatasi. Swichi ya paani haikuwapo, kufuli haikuwapo, na uwezo wote wa kuzima na kuwasha tulikuwa tumeuhamishia kwenye simu tatu zilizoko Kampala. Huwezi kumnyang'anya mtu uwezo na kumwachia wajibu wake.

Wengine wataona ninaelekea kusema kwamba kuwasha vitu ukiwa mbali ni jambo baya. La, hasha. Kuna mfano mmoja ninaoupenda unaonyesha kinyume. Mwaka 1978 Marekani ilirusha chombo cha anga kiitwacho ISEE-3 kuchunguza upepo wa jua, na mwaka 1985 kikawa cha kwanza kupita katika mkia wa nyotamkia. Shughuli zake zilisimamishwa mwaka 1997, na mitambo ya kukirushia amri ikaondolewa. Mwaka 2014 kilipokuwa kinarudi karibu na Dunia, hakukuwa tena na mtambo wa kukiamuru. Kundi la watu wa kujitolea, likiongozwa na Dennis Wingo na Keith Cowing, lilichangisha fedha kwa umma, likatumia redio za programu kufanya kazi ya ile mitambo iliyotupwa. Kwa kutumia antena kubwa ya Arecibo, Puerto Rico, walituma amri, na mwezi Mei chombo kikaitikia. Mwezi Julai walijaribu kuwasha injini zake ili kubadilisha njia yake, lakini hazikufanya kazi ya kutosha, na kufikia Septemba mawasiliano yakakatika.

Ndani ya ISEE-3 hapakuwa na mtu. Hapakuwa na ngazi wala mkono wa mzee. Lakini kabla ya kutuma amri watu wale walitafuta kwanza ruhusa ya NASA, wakatia saini mkataba nayo, ingawa NASA yenyewe haikuwa tena na mitambo ya kuongea na chombo hicho. Hawakusema, "Sisi ndio wenye uwezo, basi na haki ni yetu." Walijua kwamba kuweza kuwasha na kuwa na haki ya kuwasha ni mambo mawili. Ninapowafikiria ninaona aibu. Wao walikuwa na chombo kitupu angani, wakaomba ruhusa. Mimi nilikuwa na paa lenye mtu, sikuuliza.

Hivyo ubaya hautokani na umbali wenyewe. Umbali unaondoa macho na masikio, lakini unaacha mkono. Aliye karibu na swichi huona ngazi imeegemezwa ukutani, husikia mtu akikohoa juu, na hizo dalili ndogo humzuia bila hata yeye kufikiri. Aliye mbali hana kitu cha kumzuia. Kwa hiyo yale ambayo mwenzake anayapata bure, yeye ana deni la kuyatafuta. Umbali unaongeza wajibu wa kuuliza, kwa kiasi kile kile unachopunguza uwezo wa kuona.

Limebaki jambo moja, na nadhani ndilo litakalokisumbua zaidi kizazi chetu. Baada ya ajali, mmoja wa wahandisi alipendekeza tuondoe kabisa mkono wa mtu. Kompyuta ndogo ingewekwa ofisini ikisikiliza namba za kipokezi. Zikikosekana kwa dakika kumi, ikate umeme na kuurudisha yenyewe. Programu za namna hii zipo nyingi na zinafanya kazi vizuri. "Hapo hakuna atakayelaumiwa," alisema kwa mzaha.

Mzaha ule ulinitisha, kwa sababu kwa mara ya kwanza sentensi yangu ya ripoti ingekuwa sahihi hata kisarufi: umeme uliwaka. Lakini hata hapo mtu yupo. Ni yule aliyeandika kwamba baada ya dakika kumi umeme urudi, awepo mtu juu au asiwepo. Amewasha mara mia kabla ya wakati, akiwa amelala. Anayeweka kanuni ya kutenda ametenda tayari, na wajibu wake unaanza siku anayoiandika.

Nitamaliza kwa kusema tulichofanya. Niliandika ripoti ya pili. Sentensi yake kuu ilikuwa: "Niliwasha umeme kutoka Kampala bila kuuliza kama kuna mtu juu, na karatasi niliyoitafsiri haikumwambia mlinzi kwamba tunaweza kufanya hivyo." Wahandisi wawili walikasirika sana, na rafiki yangu hakusema nami kwa karibu mwezi mzima, tukilala katika chumba kimoja. Wale wageni hawakuufadhili mradi. Lakini kikundi kililipa gharama za hospitali na mshahara wa wiki sita, kutoka kwenye fedha zilizotengwa kwa antena mpya. Mimi nilitoa nilichokuwa nacho, ambacho hakikuwa kingi. Simwambii msomaji kwamba mkono wa Mzee umekuwa kama zamani. Kukiwa na baridi unamuuma, na kilimani pale baridi haikosekani.

Chini ya ngazi sasa kuna swichi yenye kufuli, na ufunguo wake anao Mzee. Karatasi mpya inasema: "Watu walioko Kampala wanaweza kuwasha umeme huu. Ukipanda, funga kwanza, kaa na ufunguo." Majibu ya relei nimeyabadilisha pia: yanasema UMEWASHA na UMEZIMA, ili anayetuma asisahau ni nani aliyetenda. Ni jambo dogo, na ninajua neno halimzuii mtu kuanguka. Hata hivyo, sijaweza tena kulisoma jibu hilo bila kufikiri.

Mwezi uliopita kabla ya mtihani, kipokezi kilikwama tena. Hatua ya kwanza ilishindwa, na ya pili ikashindwa. Nilimpigia Mzee, nikamwamkia, akacheka. Nikamuuliza yuko wapi.

"Niko chini, mwana wangu. Ngoja niangalie watoto." Nilisikia nyayo zake kwenye changarawe, kisha sauti yake akimfukuza mtu aliyekaa karibu na ngazi. Ilichukua muda. Setilaiti ilikuwa inakaribia, na nilitamani afanye haraka. Kisha akarudi kwenye simu.

"Hakuna mutu. Washa."

Nikawasha.